Dizeli ya silinda tano kwenye Ford ya 1929: je, chasi itahimili?

*"Nina bodi ya Ford Model A rodsta ya 1929, ya chuma, na chasi yake ya asili. Nina pia Mercedes W123 iliyoliwa na kutu lakini injini yake ni nzima: OM617, dizeli ya silinda tano yenye turbo, pamoja na giaboksi yake ya otomatiki. Nataka kuviunganisha nipate hotirodi, yaani gari la zamani lililotiwa injini yenye nguvu. Watu wananicheka. Wanasema hotirodi ni V8 ya petroli, kwamba dizeli itaisokota chasi kama waya, itanguruma kama trekta na haitakimbia. Fundi mmoja ameniambia nichomelee mauntini za injini (vishikizo vyake kwenye chasi) kwanza, mengine yatajipanga yenyewe. Bado sijakata kitu. Niendelee, au niuze injini nitafute V8?"*

Endelea. Ila huyo fundi wa "chomelea mauntini kwanza" mshukuru tu kwa heshima, maana katika kazi hii mauntini ni karibu ya mwisho kuchomelewa. Nitakueleza sababu. Kwanza tuondoe hofu zilizokukosesha usingizi.

Kwamba hotirodi ni V8 tu, si kweli. Vijana waliokimbiza magari kwenye maziwa makavu ya California, Muroc na kisha El Mirage, walianza na injini zilezile za silinda nne za Ford, za Model T na Model A, wakizibadilishia silinda hedi na kabureta. V8 ya Ford ilitoka mwaka 1932 ikiwa na nguvu farasi 65. Ikaja kutawala kwa sababu nyepesi sana: ilikuwa na nguvu kuliko zilizotangulia, na baada ya miaka michache ilipatikana kwa urahisi kwenye magari yaliyochoka. Walichukua kilichokuwa karibu. Wewe ulicho nacho karibu ni OM617.

Dizeli nayo si mgeni kwenye mbio. Mwaka 1931 gari la Cummins, watengenezaji wa injini za dizeli wa Marekani, lilimaliza mbio za maili 500 za Indianapolis bila kusimama hata mara moja kuongeza mafuta. Mwaka 1952 Cummins walirudi na gari lenye turbo, Fred Agabashian akiwa kwenye usukani, likafuzu kuanza nafasi ya kwanza. Halikumaliza. Mdomo wa hewa ya turbo ulikuwa chini mbele, ukaziba kwa vumbi na vipande vya mpira wa matairi. Kumbuka hilo siku utakayoamua kisafisha hewa chako kikae wapi: juu, mbali na magurudumu ya mbele. Hotirodi haina mabawa ya kuzuia matope, kwa hiyo kila kinachorushwa na tairi kinatafuta pa kuingia. Na ukoo wa injini yako wenyewe una historia: mwaka 1978, huko Nardò, Italia, Mercedes waliliendesha gari lao la majaribio, C111-III, lenye OM617 iliyofikishwa nguvu farasi 230, kwa saa 12 mfululizo kwa wastani wa zaidi ya kilomita 300 kwa saa.

Kuhusu kunguruma kama trekta, hapo wanaokucheka wana haki. Ikiwa imesimama asubuhi ya baridi, bila boneti, utaisikia. Ukipanda mwendo inabadilika na kuwa na mlio wa silinda tano ambao haufanani na kitu kingine, na mimi binafsi naupenda. Lakini kama moyo wako unataka mlio wa V8, hakuna bomba la eksozi litakalokupa. Jiulize swali hilo kwa ukweli kabla ya mengine yote, kwa sababu ndilo pekee ambalo kipimo na mashine ya kuchomelea havitalitatua.

Sasa chasi, ambayo ndiyo hofu yako kubwa. OM617 yenye turbo ya toleo la Ulaya hutoa nguvu farasi 125 kwenye mizunguko 4,350 kwa dakika, na nguvu ya kuzungusha ya Nm 250 kwenye 2,400. Injini ya asili ya Model A, ya lita 3.3, ilikuwa na nguvu farasi 40. Kwa hiyo ni kweli unaibebesha chasi mzigo ambao haikutengenezewa. Lakini V8 yoyote ya kisasa unayoambiwa uinunue ingeibebesha mzigo huohuo au zaidi. Chasi haijui kama kinachowaka ni petroli au dizeli.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalihesabu. Injini na giaboksi vimefungwa pamoja kuwa kitu kimoja, na mauntini zao ndizo zinazopokea msukumo wa nyuma. Msukumo huo si ule wa injini peke yake. Ni ule unaotoka mkiani mwa giaboksi. Gia ya kwanza ya otomatiki yako huzidisha mara 3.68, kwa hiyo Nm 250 zinakuwa Nm 920, na hapo sijahesabu nyongeza ya konvata (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) wakati gari linaanza kuondoka. Hizo 920 ndizo zinazojaribu kuinua upande mmoja wa chasi na kukandamiza mwingine kila unapoondoka kwenye taa.

Chasi ya Model A ni mihimili miwili ya chuma chembamba yenye umbo la C, na umbo la C halipendi kusokotwa. Chukua kiberiti. Toa kile kidroo cha ndani, kisokote kwa vidole: kinalegea kama karatasi. Kirudishe ndani ya ganda lake kisha sokota tena. Chuma ni hivyohivyo. Ukiufunga upande ulio wazi wa mhimili kwa bamba, ukawa boksi, ugumu wake dhidi ya kusokotwa hauongezeki kwa nusu au mara mbili. Unaongezeka kwa kiasi kikubwa mno, kwa unene uleule wa chuma. Ongeza kiunzi cha umbo la X katikati, chini ya giaboksi, na hofu yako imekwisha.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuitumia chasi yako ya asili: isafishe hadi chuma kitupu, ikague kwenye mashimo ya ribiti na penye mikunjo kutafuta nyufa, kisha uifunge boksi. Ya pili ni kutumia chasi mpya ya umbo la Ford ya 1932, ambayo bado inatengenezwa, na kuiweka bodi yako juu yake. Ni mtindo wa zamani na unaheshimika. Chasi ya 1932 ina inchi 106 kati ya ekseli na ekseli. Yako ina 103.5. Hizo sentimita sita na kitu zinaonekana ndogo, ila kwa injini ya silinda tano zilizopangwa mstari mmoja utazishukuru. Ningekuwa mimi, na kama mfuko unaruhusu, ningechukua ya 1932 na kuihifadhi ya asili jinsi ilivyo. Chasi iliyokwisha kuchomelewa mabamba hairudi ilivyokuwa.

Kama utaifunga boksi ya asili, usichomelee mstari mmoja mrefu kutoka mwanzo hadi mwisho. Joto litaipinda kama ndizi. Inafungwa kwenye fremu ya chuma imara, inachomelewa vipande vifupi kwa kuruka huku na huku, na kupimwa ulalo kwa ulalo kila baada ya muda. Kama hujawahi kuifanya kazi hii, usijifunzie hapa. Mpe mchomeleaji aliyewahi kutengeneza chasi, na kaa naye.

Sasa kwa nini mauntini zisitangulie. Nilishafanya kosa hilo mwenyewe. Nilichomelea mauntini za injini ndefu Jumamosi, nikajisifu sana, Jumatatu nikaleta nguzo ya usukani ikagota moja kwa moja kwenye eksozi. Wiki iliyofuata nilikata kazi yangu yote kwa grainda. Mahali pa injini huamuliwa na vitu vilivyoizunguka. Magurudumu na matairi huamua kimo cha gari. Kimo huamua ekseli ikae wapi. Ekseli huamua pembe ya shafti. Shafti huamua mkia wa giaboksi. Na hapo ndipo injini inapojua nafasi yake. Kwenye OM617 pampu ya dizeli na nyumba ya filta ya oili ziko upande wa kushoto, na turbo pamoja na eksozi viko kulia. Usukani wako uwe kushoto au kulia, utakutana na kitu. Afadhali mkutane wakati kila kitu kimeshikwa kwa nukta chache tu za kuchomelea.

Kwa hiyo lisimamishe gari zima kwanza: magurudumu yake halisi, bodi, rejeta, kiti, wewe ukiwa umekaa kitini, injini ikining'inia kwenye kreni. Tumia mbao na vipande vya bomba. Angalia kina cha sampu (bakuli la oili chini ya injini) kinaangukia wapi kuhusiana na ekseli ya mbele na fimbo za usukani, kwa sababu ekseli ile inapanda kila gurudumu linapokanyaga shimo. Utagundua pia kwamba injini inataka ama rejeta isogee mbele ama ukuta ulio mbele ya miguu yako urudi nyuma. Rudisha ukuta. Rejeta ya Model A ikivuka ekseli ya mbele, gari linapoteza sura yake na uzito unakwenda pabaya, na injini hii ni nzito.

Ukuta huo unanipeleka kwenye jambo la hatari kuliko yote uliyoniuliza, na hukuliuliza. Kwenye Model A tangi la petroli liko mbele ya kioo, juu ya miguu ya dereva, na kwenye bodi za 1928 na 1929 sehemu ile ya nje unayoiona ndiyo tangi lenyewe. Ukiingia pale na grainda au moto wa kuchomelea, unakata tangi la petroli. Lisikudanganye kwamba limekaa tupu miaka mingi. Kinacholipuka ni mvuke, na mabaki makavu ndani hutoa mvuke yakipata joto. Litolewe kwenye gari na lisafishwe na wanaofanya kazi ya kusafisha matangi, ndipo likatwe tumbo la ndani na kubakizwa ngozi ya nje. Dizeli yako iwekwe kwenye tangi jipya nyuma, lenye bomba la kwenda na la kurudi. Usiliwazie tangi la zamani hata kwa dizeli: punje za kutu zinazopita kwenye kabureta bila shida zitaua pampu ya dizeli na nozeli.

Upande wa nyuma, kuna mtego. Shafti ya Model A imefungwa ndani ya bomba nene, na bomba hilo ndilo linaloisukuma gari mbele. Springi ya nyuma iliyolala kukingama kazi yake ni kubeba uzito tu. Difu ya asili haitaimudu injini hii, kwa hiyo utaweka nyingine yenye shafti ya wazi. Siku unapolitoa lile bomba, ekseli haina tena kitu cha kuizuia kwenda mbele na nyuma wala kujiviringisha. Nimeona magari yaliyofungwa difu mpya kwenye springi ya zamani pekee, mwenye gari akishangaa kwa nini nyuma inacheza. Lazima kuwe na mikono ya chuma kutoka ekseli hadi kwenye chasi, iwe minne au miwili mirefu, na mhimili wa kuizuia isitembee kando.

Uwiano wa difu ndio utakaoamua kama gari "litakimbia." Dizeli hii imemaliza kazi yake ikifika mizunguko 4,350, haipandi kama petroli. Tuseme tairi zako za nyuma zina mzingo wa mita 2.2. Kwa kilomita 100 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 758 kwa dakika. Ukiwa na uwiano wa asili wa Model A, 3.78, injini inazunguka karibu 2,870. Ukiwa na 3.07, ambao Mercedes waliutumia kwenye baadhi ya W123 za turbo, inashuka hadi 2,330 hivi, yaani palepale penye nguvu. Tafuta kitu kati ya 2.9 na 3.1. Difu nyingi za pikapu zina uwiano wa 4 na zaidi. Zitakupa gari linalopiga kelele kwenye kilomita 80 na kuthibitisha maneno ya wanaokucheka. W123 ya turbo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 1,500. Rodsta yako ikibaki karibu na kilo 1,100, injini ileile itakusukuma kwa namna ambayo mwenye W123 hajawahi kuiona.

Giaboksi: baki na otomatiki yako kwa kuanzia. Inajulikana na injini hii, na inabadilisha gia kwa kusikiliza vakyumu (mvuto wa hewa) na waya kutoka pampu ya dizeli, kwa hiyo ng'oa kila kibomba na kila valvu pamoja nayo ukiwa umepiga picha. Ukitamani ya klachi baadaye, ya dizeli ndogo za W123 hujifunga, lakini flaiwili ya silinda tano husawazishwa pamoja na krenki yake. Ukiichukua ya injini nyingine na kuifunga hivihivi, mtetemo utaimaliza. Ipeleke na ile ya zamani kwa wenye mashine ya kusawazisha, wazilinganishe.

Mtetemo wenyewe wa silinda tano ni wa kutingisha mbele-nyuma, kama bembea, na haufutiki. Tumia mauntini za mpira za Mercedes na vile vishokabsoba vidogo vilivyokaa kando yake. Kufunga chuma kwa chuma ni ushamba unaouzwa kama umbo la mashindano.

Breki za asili ni za fimbo, na sizikubali kwenye gari hili. Weka za haidroli, na masta silinda yenye njia mbili. Wengine watakuambia dizeli haina vakyumu ya kuendesha busta. Ni kweli haina kwenye manifoldi, lakini OM617 ina pampu yake ya vakyumu mbele ya injini. Ikague sana. Za zamani zina beringi ambayo ikivunjika huangusha vipande kwenye mnyororo wa injini, na hapo injini nzima imekwenda. Mimi hubadilisha tu bila kubishana nayo. Na ukibaki na ekseli ya mbele ya asili, ya umbo la I, unaweza kuitenganisha mikono yake ya V na kuifunga pande mbili za chasi, kwa sababu mhimili wa I hukubali kujisokota kidogo. Wa bomba haukubali, utapasua kitu.

Umeme nenda volti 12. Plagi za kupasha moto hula umeme mwingi, volti 6 za Ford hazifiki mbali. Rejeta iwe mpya, ya kuhimili shinikizo, na kipoza oili cha Mercedes usikiache nyuma.

Kuna kazi tatu ambazo ningekuomba usizifanye kwa maelezo yangu wala ya mtu mwingine kutoka mbali: kupima pampu na nozeli, ambako kunataka benchi yake, kukagua maungio ya usukani na breki, ambayo mtu wa pili mwenye ujuzi lazima ayaone kabla gari halijagusa barabara, na usajili. Waulize mamlaka ya magari ya unakoishi kabla hujakata, kwa sababu kubadilisha chasi au aina ya mafuta kunaweza kugeuza karatasi zako zote.

Siku ya kuiwasha mara ya kwanza, usiwe peke yako. Injini hii huzimwa na vakyumu: ukigeuza ufunguo, vakyumu inavuta kiwambo kwenye pampu na kukata dizeli. Kibomba kimoja kikivuja, ufunguo unageuka na injini inaendelea kama hukusema kitu. Ndiyo maana juu yake kuna mkono mdogo wa kuizima kwa kidole. Ujue ulipo kabla. Lakini kama sili ya turbo imechoka, au oili inavutwa kupitia bomba la kupumulia la injini, injini inaweza kuanza kuchoma oili yake yenyewe na kupanda mizunguko bila kikomo, na hapo hata ule mkono hausaidii, kwa sababu si dizeli inayoilisha. Dawa ni moja, kuinyima hewa. Mweke mwenzako karibu na mdomo wa hewa akiwa na kipande cha ubao bapa kinachouziba wote. Asitumie kitambaa, kitamezwa, wala mkono, kwa sababu iliyo wazi. Kisafisha hewa usikifunge siku hiyo. Kifunge ukishaiwasha na kuizima mara tatu bila mshangao.